Kamera Karibu, Kamera Mbali: Aibu Ni ya Nani?



Wengi watauliza: huyu naye anataka kusema nini juu ya kamera, wakati kamera zimekatazwa masomoni tangu mwezi wa pili? Njo sababu ninaandika. Karatasi ya katazo ingali imebandikwa ku mlango wa ofisi, na siye wa kikundi cha sinema tumekaa bila kazi. Wengine wanasema wakubwa walifanya vema. Wengine wanasema walituzulumu. Mimi naona pande zote mbili hazijagusa jambo lenyewe. Lakini mbele ya kutoa shauri langu inafaa niungame kwanza, kwa maana mmoja wa wale walioleta katazo hili ni mimi.

Mnakumbuka siku ile, wakati wa mapumziko ya saa nne. Msichana mmoja wa kalasi ya tatu alianguka katikati ya uwanja, karibu na bomba la maji. Kifafa kilimshika. Jina lake silisemi. Mnalijua wote, hata watu wa mtaani ambao hawajakanyaga hapa wanalijua, na ubaya wenyewe ni huo. Mimi nilikuwa na telefone mkononi, kwa sababu kikundi chetu kilipewa ruhusa ya kupiga filme ya mpira siku hiyo. Nilifanya nini? Nilipanda juu ya banki, nikamlenga kutoka juu. Kisha nikashuka, nikapenya kati ya watu, nikasogea mpaka uso wake ukajaa ku kioo cha telefone. Sekunde 42. Wenzangu walikuwa wanasema, "Sogea, sogea, haionekane muzuri!" Nami nikasogea.

Aliyekimbia kumsaidia ni mama anayeuza mandazi ku mlango wa masomo. Alifungua kikwembe chake cha juu, akamfunika msichana, akamgeuza alale ubavu, akakunja kitambaa na kukiweka chini ya kichwa. Alipoinama, mgongo wake uliingia mbele ya kamera yangu. Nami, wandugu, nilikasirika. Nilimwambia, "Mama, sogea kidogo, unafunga picha." Akaniangalia bila kuacha kazi yake. Akasema, "Wee mutoto, kama angekuwa dada yako, ungetafuta picha?"

Sikumjibu. Nilizunguka upande mwingine, nikaendelea.

Mbele ya jua kuzama filme ile ilikuwa katika telefone za mji mzima. Msichana hakurudi masomoni kwa majuma matatu. Mama yake alikuja kuonana na wakubwa. Nilimwona akitoka ofisini. Alipita karibu na siye tuliosimama chini ya mti, akatusalimu vizuri kama mzazi, kwa sababu hakujua ni nani kati yetu.

PLANI NI NINI?

Ku kikundi cha sinema tulifundishwa majina ya plani kama vile tunafundishwa majina ya mito: kwa kukariri. Plani ni kipande cha picha tangu kamera inapoanza kuangalia mpaka inapokatwa. Kuna plani ya jumla, inayoonyesha mahali pote: uwanja, nyumba, kilima, na watu wakiwa wadogo ndani yake. Kuna plani ya mtu mzima, tangu kichwa mpaka miguu. Kuna plani ya katikati, tangu kiuno kwenda juu, ambayo inafaa kwa mazungumzo kwa sababu mikono na uso vinaonekana pamoja. Kuna plani ya karibu, inayoshika uso peke yake. Tena kuna plani ya karibu sana: jicho, kidole, chozi, pete.

Kisha kuna urefu wa kamera. Ukiweka kamera juu, ikiangalia chini, wanaita plonje. Mtu anayepigwa anakuwa mdogo na zaifu. Ukiiweka chini, ikiangalia juu, ni kontra-plonje. Mtu anakuwa mrefu kama mnara, anatisha ao anatukuka. Ukiiweka ku usawa wa macho yake, unazungumza naye kama mtu na mwenzake.

Tulijua hayo yote. Ku jaribio la kikundi mimi nilipata alama 18 juu ya 20. Lakini sikujua kwamba kila jina moja ni hukumu. Nilipopanda banki nilipiga plonje: nilimfanya mgonjwa awe mdogo zaidi ya vile ugonjwa ulivyomfanya. Nilipofika ku uso nilipiga plani ya karibu. Na plani ya karibu iko na tabia hii: inaonyesha kitu kimoja na kufukuza vingine vyote nje ya picha. Nilifukuza nani? Nilimfukuza mama wa mandazi. Nilifukuza wanafunzi karibu 30 waliosimama wima na telefone mikononi bila kunyosha mkono. Nilijifukuza mimi mwenyewe.

Siku zilizofuata nilifikiri sana juu ya plani moja ambayo sikuipiga. Kama ningerudi nyuma hatua 15 na kushika uwanja wote, watu wangeona nini? Wangeona duara la vijana wenye afya nzuri wanaangalia, na katikati mama mmoja amepiga magoti. Uso wa msichana haungeonekana. Lakini nyuso zetu zingeonekana zote. Jambo ni lilelile, dakika ni ileile, telefone ni ileile. Ila aibu ingekwenda mahali pake. Njo neno ninalotaka mlishike katika barua hii: mwenye kamera, anapochagua kusimama karibu ao mbali, juu ao chini, anachagua pia aibu itaanguka juu ya nani.

Zamani za kwanza uchaguzi huo ulikuwa mdogo. Ndugu wawili Wafaransa, Auguste na Louis Lumière, walipoonyesha filme zao kwa watu waliolipa, huko Paris tarehe 28 Desemba 1895, kila filme ilikuwa ya dakika moja hivi. Kamera ilisimama mahali pamoja na kuangalia: wafanya kazi wanatoka ku kiwanda, mtoto mchanga anakula. Baadaye watu wakajifunza kusogeza kamera, kukata, na kuunganisha. Tangu hapo kamera ikawa kama ulimi: inaweza kusema kweli, inaweza pia kusengenya.

JE, MATESO YASIPIGWE PICHA?

Mwingine atasema: basi, picha za watu wanaoteswa zisipigwe kabisa. Mimi siwezi kukubali, na sababu yangu inatoka hapa hapa Kongo. Mwaka 1904, wakati nchi ilikuwa mali ya mfalme Leopold II wa Ubelgiji, mmisionari mmoja Mwingereza, Alice Seeley Harris, aliishi Baringa pamoja na mume wake. Ilikuwa sehemu ya kampuni ya mpira iliyoitwa Abir. Mtu mmoja, Nsala, alifika kwao na mzigo mdogo ndani ya majani. Ndani mlikuwa mkono na mguu wa binti yake Boali, mwenye miaka kama mitano, aliyeuawa na askari walinzi wa kampuni. Alice Harris alipiga foto.

Wengi wenu mmeiona foto ile. Sasa muiangalie tena kama watu wa kikundi cha sinema. Hakusogea mpaka ku machozi ya Nsala. Hakupanda juu ili kumwangalia chini. Nsala amekaa ku ukingo wa baraza, tunamwona mwili mzima kutoka upande, na yeye anaangalia kile kilichobaki cha mtoto wake. Macho yetu yanafuata macho yake. Hatumwangalii Nsala kama kitu cha ajabu. Tunaangalia pamoja naye. Foto ile na nyingine za Harris zilionyeshwa kwa taa ya picha mbele ya makutano mengi huko Uingereza na Marekani, na zilisaidia sana kampeni iliyomlazimisha Leopold kuacha Kongo mwaka 1908. Aibu haikumwangukia Nsala. Ilikwenda mpaka ku nyumba ya mfalme.

Basi, plani ya karibu ni mbaya siku zote? Hapana. Ousmane Sembène wa Senegali alitengeneza filme fupi mwaka 1963, Borom Sarret, juu ya mtu maskini anayebeba watu na mizigo ku mkokoteni wa farasi katika Dakar. Polisi anamsimamisha katika mtaa wa matajiri. Anapotafuta karatasi zake, medali yake ya askari wa zamani inaanguka chini, na polisi anaikanyaga kwa kiatu. Sembène anatuonyesha kiatu kile juu ya medali. Alisogea, ndiyo, lakini alisogea karibu na kosa, hakusogea karibu na aibu ya mtu anayekosewa. Plani moja hiyo inatosha kwa hotuba ndefu.

Tena tuko na mfano wa ndugu yetu wa Kisangani, Dieudo Hamadi. Katika filme yake Examen d'État ya mwaka 2014 alifuata wanafunzi wa Kisangani waliofukuzwa masomoni juu ya kukosa feza za kulipa walimu. Wanafunzi hao wanakusanyika katika nyumba moja na kujitayarisha wenyewe kwa mtihani wa serikali. Mwanafunzi gani wa hapa hataelewa hayo? Na katika filme ya mwaka 2020, En route pour le milliard, alisafiri ku mto Kongo pamoja na watu waliokatwa miguu ao mikono katika vita ya siku sita, ambayo majeshi ya Rwanda na ya Uganda yalipigana ndani ya Kisangani mwezi wa sita mwaka 2000. Wanakwenda Kinshasa kudai malipo yao. Kamera inakaa kati yao ndani ya boti, ku usawa wao. Tunaona viungo vilivyokatwa, ni kweli. Lakini tunawasikia pia wakibishana, wakiimba, wakikasirika, wakipanga safari. Mtu aliyeumizwa anabaki mtu mwenye shauri lake. Filme hiyo ilichaguliwa na festivali ya Cannes mwaka 2020.

Kwa hiyo, swali si kama mateso yanaweza kupigwa picha. Swali ni hili: mwenye kuteswa anajua? amekubali? na picha inamsaidia yeye, ao inatupatia siye kitu cha kuangalia jioni?

KISU CHA MONTAJI

Kuna jambo la pili lililotuharibia. Filme yangu ya sekunde 42 haikubaki vile ilivyokuwa. Mtu mmoja, simjui, aliikata na kuiunganisha na picha za watu wanaopiga kelele na kufukuza pepo. Kwa hiyo wale walioiona kesho yake hawakuona mgonjwa tena. Waliona mtoto mwenye pepo. Jirani wakaanza kukataza watoto wao kunywa ku kikombe chake.

Kuunganisha plani na plani ndiyo montaji. Mrusi mmoja, Lev Kuleshov, alijaribu nguvu yake miaka zaidi ya 100 iliyopita. Alichukua picha ya uso wa mchezaji mmoja mashuhuri, uso usioonyesha kitu. Akaiunganisha na sahani ya supu. Kisha uso uleule na mtoto ndani ya sanduku la maiti. Kisha uso uleule na mwanamke. Inasimuliwa kwamba watazamaji walimsifu mchezaji: ona vile anaonyesha njaa, ona huzuni, ona tamaa! Na uso haukubadilika hata kidogo. Maana haikaki ndani ya plani moja. Inazaliwa katikati ya plani mbili.

Basi yule mwenye kukata na kubandika anaweza kugeuza kifafa kiwe pepo bila kusema neno moja. Kifafa ni ugonjwa wa ubongo, hakiambukizi kwa kikombe wala kwa mate, tena kiko na dawa. Anayeanguka anapashwa kugeuzwa ubavu na kuwekewa kitu laini chini ya kichwa. Usimtie kijiko wala kidole kinywani, usimshike kwa nguvu. Angalia saa, na ikipita dakika tano apelekwe ku hospitali. Mama wa mandazi alifanya karibu yote hayo. Mimi niliyepata 18 juu ya 20 sikufanya hata moja.

Hata mambo madogo ya ufundi yako na kweli ao uongo ndani yake. Mfano: tunapopiga filme ya mpira, kamera inapashwa kubaki upande mmoja wa uwanja. Ukikimbia upande wa pili na kuunganisha picha, timu iliyokuwa inakwenda kuume sasa inakwenda kushoto, na mtazamaji atazania inashambulia goli lake yenyewe. Hakuna aliyetaka kudanganya, lakini mtazamaji amedanganywa. Kama ufundi mbaya unaweza kugeuza mchezo, si zaidi utageuza jina la mtoto wa watu?

SHAURI LANGU

Kwa wenzangu wanaosema "telefone ni yangu, napiga ninachotaka", nasema: telefone ni yako, uso si wako. Wazee walisema, ukiona mwenzako ananyolewa, chako kitie maji. Leo ni kifafa cha mwingine. Kesho ni wewe umeteleza ku matope mbele ya kalasi nzima, ao baba yako amelewa ku barabara, na wanafunzi 30 wamesimama.

Kwa wakubwa wetu, kwa heshima yote, nasema: katazo lilikuwa haki siku ile, na sisi tulilistahili. Lakini katazo linafundisha kuficha, halifundishi kuona. Telefone zinangoja nyumbani. Saa nane ikilia tunatoka ku mlango na kila mmoja anakuwa mpiga filme bila mwalimu. Kama masomo hayatufundishi kuangalia, ni nani atatufundisha? Kwa hiyo ninaomba mambo haya manne:

1. Telefone ziendelee kukatazwa uwanjani na ndani ya kalasi. Lakini kikundi cha sinema kifunguliwe, na kamera moja tu, inayolala ofisini na kuandikwa ku daftari kila inapotoka.

2. Mtu asishike kamera mbele ya kukaa kwanza mbele yake. Kila mwanakikundi apigwe filme na wenzake kwa plani zote: ya mbali, ya karibu, plonje, kontra-plonje, kisha ajiangalie mbele ya wote. Akisikia vile plonje inavyouma, hataisahau.

3. Mtu akianguka ao akilia, mikono ya mwenye kamera ni ya kusaidia kwanza. Baadaye aombe ruhusa. Kama mwenyewe hawezi kujibu, jibu ni hapana.

4. Filme yetu ya kwanza iwe juu ya namna ya kusaidia mwenye kifafa, mwanafunzi mzima akiigiza, na muuguzi akitusahihisha. Ninaomba iwe na plani nyingi za karibu: za mikono inayogeuza, inayokunja kitambaa, inayofunika. Na mama wa mandazi, kama atakubali, apigwe uso wake ku usawa wa macho.

Namba ile ya nne haikutoka kichwani mwangu peke yangu. Mwezi uliopita nilikwenda kwao na msichana, pamoja na mwalimu mmoja, kuomba msamaha. Mama yake alitukaribisha, akatupatia viti. Nilieleza yote, hata neno nililomwambia mama wa mandazi. Nilisema kwamba nimefuta filme ku telefone yangu, ila kuifuta ku telefone za wengine siwezi. Msichana alinyamaza muda. Kisha akaniuliza neno moja: "Ule mama aliyenifunika, anaonekana ku filme?"

Nikajibu, "Mugongo wake tu."

Akasema, "Mimi sikumbuke kitu ya siku ile. Nilitaka kuona uso yake."

Wandugu, nilikuwa na kamera, nilikuwa na jua zuri, nilikuwa na sekunde 42. Plani moja tu ambayo huyu dada aliihitaji, sikuipiga, na ile niliyoipiga ilimfungia nyumbani majuma matatu. Amerudi masomoni sasa, mmemwona. Tafazali, yeyote anayebaki na filme ile ku telefone yake, aifute leo.

Mimi niliyeandika,
Mwanafunzi wa kalasi ya Tano, Pedagojia